Zena Mwanasheria: Neno kwa Wenye Shauri la Nyumbani

(Tito 3:13; Ruthu 4:1-12)



Somo letu la mwezi huu tumelichukua mahali ambapo wahubiri wengi hupita mbio. Ni mwisho wa Waraka wa Mtume Paulo kwa Tito, pale Mtume anapokwisha kufundisha na kuanza kutoa maagizo madogo madogo ya safari. Anamwagiza Tito awaandalie njia watu wawili na kuona kwamba wana mahitaji yao yote. Mmoja ni Apolo, ambaye sote twamjua kuwa mhubiri hodari. Wa pili ni Zena. Habari za Zena hazipatikani mahali pengine po pote katika Maandiko. Twaambiwa jambo moja tu juu yake, kwamba alikuwa mwanasheria.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tulisomewa mstari huo mara nyingi katika sala za asubuhi, wala hatukuwahi kusimama juu yake. Tumesimama juu yake katika uzee, na sababu ni shauri la nyumba moja ya mtaa wetu huu. Mwenye shauri ametupa ruhusa ya kulieleza pasipo majina, na alikisoma kwanza hiki tulichoandika kabla hakijamfikia mhariri. Mahali pawili alitusahihisha.

Mume na mke hao walikuwa wanachuo wetu. Walioana katika kanisa hili hili. Matangazo yao yalisomwa Jumapili tatu, na hapakuwa na mtu wa kupinga. Wakajenga polepole, tofali kwa tofali, kwa mishahara miwili ya walimu na kwa maandazi aliyouza mama jioni baada ya kusahihisha madaftari. Hati ya kiwanja iliandikwa jina la mume peke yake, kama ilivyo desturi yetu, wala hakuna aliyeona neno. Katika mwaka wa 17 wa ndoa yao, mume alihamia mjini kwa mwanamke mwingine, akaacha kuleta matumizi. Watoto wanne wakabaki na mama.

Alikuja kwetu wazee wa kanisa. Mara ya kwanza tulimwombea. Mara ya pili tulimwita mume kwa barua, naye hakuja. Mara ya tatu mama alikuja na swali moja. "Mwalimu, nitampata wapi wakili?" Twaandika kwa aibu kwamba tulishtuka kana kwamba ametamka tusi. Tulimjibu, "Mwanangu, wakili ni wa watu waliokwisha kuivunja ndoa mioyoni mwao. Kavumilie." Akasema, "Haya, Mwalimu." Akatwaa kanga yake akaondoka, nasi tukajiona tumeitetea ndoa ya Kikristo.

Alichofanya baada ya hapo hatukukijua mpaka ilipopita miezi minne. Alikwenda mjini peke yake, na karibu na mahakama, chini ya mti, akakutana na kijana mwenye tai na mkoba wa ngozi aliyesema kwamba ndiye wakili wa mambo ya ndoa. Akampa shilingi 350,000, fedha alizokopa katika VICOBA vya akina mama. Hakupewa stakabadhi. Alipewa karatasi yenye mhuri mwekundu na maneno mengi ya Kiingereza. Alipoifikisha kwa karani wa mahakama, karani aliisoma, akamwuliza hati ya Baraza iko wapi. Mama hakujua Baraza gani. Akarudi chini ya mti. Kijana hayupo, na simu yake haikuita tena. Watu wa mjini huwaita vishoka, nao wapo karibu na mahakama nyingi. Wakati huo huo mume alikuwa amekwisha kupatana bei ya nyumba na mnunuzi. Mnunuzi akaja na futi kupima ua, watoto wakiwa ndani wakifanya kazi zao za shule.

Basi, ndugu, ni nani aliyempeleka mama yule chini ya mti? Twaweza kumlaumu kishoka, naye anastahili lawama. Lakini sisi ndio tuliofunga mlango wa kwanza.

Twajua jibu ambalo wengi wanalo tayari, maana nasi tulilitumia. Ni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, ambapo Mtume anawakemea Wakristo wanaoshitakiana mbele ya mahakimu wasioamini. Tumeusoma tena mlango huo, safari hii taratibu, kama tulivyokuwa tukiwaagiza wanachuo. Mtume anauliza kwa uchungu kama katika kanisa zima la Korintho hakupatikana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu na ndugu. Lawama ile inawaangukia wazee kabla ya kumwangukia aliyedhulumiwa. Kama mama angepata kwetu mtu mwenye hekima, mtu wa kumwita mume na kuitwa kwake kukasikiwa, mahakama ingekuwa na kazi gani? Tena Paulo huyo huyo, alipoona kwamba haki yake inauzwa ili kuwapendeza Wayahudi, alikata rufani kwa Kaisari. Hakuona dhambi kuitumia sheria ya nchi kwa ajili ya lile ambalo iliwekwa kwalo.

Na yule mjane wa Luka 18, aliyemsumbua kadhi mpaka akapewa haki yake, Bwana wetu alimtoa kuwa mfano wa sala. Hakumwambia akakae nyumbani.

Turudi sasa kwa Ruthu. Wengi hukisoma kitabu hiki kwa ajili ya harusi, lakini sura ya 4 ni shauri la familia tangu mwanzo hadi mwisho: kuna ardhi ya marehemu, kuna wajane wawili wasio na sauti mlangoni pa mji, na kuna ndugu wa karibu mwenye haki ya kwanza. Boazi anakwenda kuwasemea. Tazameni anavyofanya. Hajifichi, anaketi mahali ambapo mashauri yote huamuliwa. Anaita wazee kumi wawe mashahidi. Anamtaja ndugu aliye karibu kuliko yeye, ijapokuwa moyo wake ungependa mtu huyo asiwepo. Kisha anaeleza shauri lote, hata sehemu ile iliyo nzito, kwamba anayetwaa shamba anatwaa na wajibu kwa mjane. Ndugu yule aliposikia hilo alirudi nyuma. Naomi alikuwa amemjua Boazi vema, hata akamwambia mkwewe atulie, kwa maana mtu huyo hatapumzika mpaka alimalize neno siku ile ile.

Mwekeni huyo upande mmoja, na upande wa pili mwekeni Tertulo wa Matendo sura ya 24. Tertulo alikuwa msemaji wa kukodiwa. Alianza kwa kumsifu liwali Feliki sifa ambazo hata Feliki mwenyewe, nadhani, alizishangaa. Kisha akatoa mashitaka ambayo hakuwa na shahidi wa kuyathibitisha. Watu wetu wakitafuta wakili humtafuta Tertulo. Huuliza, "Nani anajua kusema? Nani ana sauti?" Sisi tulipokwenda kumtafuta wakili na mama yule mara ya pili, tulikwenda tukimtafuta Boazi.

Ilikuwaje? Kwanza tuliuliza. Mmoja wa Umoja wa Mama alikuwa na shauri la mirathi miaka michache iliyopita, likaisha vizuri. Tukamwuliza nani alimsimamia, na je, alirudishiwa nyaraka zake zote? Swali hilo la nyaraka ni zuri kuliko swali la ushindi. Pili tulimwendea msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Watu hawa wamepata mafunzo na kuandikishwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kazi yao ni kuelekeza na kushauri bila malipo, ingawa mahakamani hawasimami. Akitokea wa kudai fedha, mjue kwamba amekwisha kuiacha sheria iliyomweka. Huyu wetu alitutajia majina matatu, tukaona moja linafanana na lile la Umoja wa Mama.

Hata hivyo hatukutosheka, maana mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi wetu hatujui tofauti iliyopo kati ya mwanasheria na wakili. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria, lakini hawezi kumsimamia mtu mahakamani kwa shahada hiyo peke yake. Wakili ni yule aliyepita mafunzo ya vitendo, akaapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu. Naye hupaswa kuwa na leseni ya kufanya kazi hiyo, ambayo huhuishwa kila mwaka. Siku hizi Mahakama ya Tanzania ina mfumo uitwao e-Wakili, ambao mtu ye yote aweza kuufungua katika simu na kuandika jina ili aone kama mtu huyo ni wakili kweli na kama leseni yake ni hai. Sisi tulimtumia mjukuu. Alichukua muda mfupi kuliko tuliotumia sisi kuitafuta miwani. Laiti jambo hilo dogo lingefanyika mapema, zile shilingi 350,000 zingekuwa karo ya mtoto. Lile jina la kishoka tuliliandika pia. Halikuwamo.

Fahamuni pia kwamba leseni ya uwakili haimtaji mtu kuwa wakili wa ndoa au wakili wa ardhi. Kwa hiyo yakupasa kumwuliza mwenyewe: amesimamia mashauri ya ndoa mangapi? ya matunzo ya watoto? katika mahakama zipi? Wakili mwema hachukii kuulizwa. Na wakili aliye wa kweli hakuvizii mlangoni mwa mahakama akikushika mkono. Maadili ya kazi yake yanamkataza kugombea wateja namna hiyo.

Tulimkuta ofisini, mwanamke kijana, amri wa binti zetu wa mwisho. Alitupa shikamoo, akatuketisha, kisha akatuomba kwa adabu sisi wazee tutoke nje. Tulichukia kidogo, maana tulidhani tumekuja kusaidia. Baadaye tulielewa. Mambo ya mteja ni siri kati yake na wakili wake, na mama yule alikuwa na mengine ambayo asingeyasema mbele ya mwalimu wake. Alikaa ndani zaidi ya saa nzima. Tulipoitwa tena, tukaona mezani cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne, nakala ya hati ya kiwanja, na daftari la maandazi. Ndiyo, daftari. Mama alikuwa ameandika kila mfuko wa saruji ulionunuliwa kwa fedha za maandazi. Wakili alilishika kama mtu aliyeokota lulu.

Swali lake ndilo lililotunyamazisha. "Mama, unataka talaka?" Mama akajibu, "Sitaki. Nilikula kiapo pale kanisani. Nataka watoto wale, na nyumba isiuzwe." Wakili akasema kwamba sheria haimlazimishi mtu kuvunja ndoa ili apate haki hizo. Mke aliyetelekezwa aweza kuiomba mahakama imwamuru mume kutoa matunzo, na ndoa ikabaki ndoa. Aweza kuomba amri ya kutengana ikiwa kuishi pamoja hakuwezekani. Na nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja wa wanandoa pasipo ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mwenzake aweza kuweka zuio katika ofisi ya Msajili wa Hati. Mambo hayo yamo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hebu hesabuni miaka. Sheria hiyo ilikuwapo tulipokuwa tukifundisha, nasi tulikuwa tukifundisha somo la uraia! Tulimwambia binti yetu kwamba wakili ni wa talaka, kumbe sheria yenyewe ilikuwa na malango mengine matatu ambayo hatukuyajua.

Tena wakili alieleza sehemu ile iliyo nzito, kama Boazi. Alisema kwamba hawezi kuahidi kiasi cha matunzo, kwa kuwa mahakama hutazama kipato cha mume na mahitaji ya watoto. Kwamba kesi yaweza kuahirishwa mara nyingi. Kwamba mume akikaidi amri, kazi huanza upya. Anayekuahidi ushindi siku ya kwanza, mkimbie. Akaandika katika karatasi ada yake, na pembeni gharama za mahakama na za usafiri, ili zisichanganywe. Akasema malipo yatakuwa kwa awamu tatu, kila moja na stakabadhi yake. Mama akatia sahihi, akapewa nakala. Mama huyo hakuwa amewahi kupata karatasi ya namna hiyo katika shauri hili.

Itakuwaje kwa asiye na fedha hata ya awamu ya kwanza? Asirudi chini ya mti. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania kimekuwa kikitoa msaada huu tangu kilipoanzishwa mwaka 1989. Kipo Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, kipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanza mwaka 1995, na tangu 2023 Serikali imekuwa ikiwapeleka wanasheria mikoani katika kampeni ya msaada wa kisheria inayoitwa kwa jina la Mama Samia. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam wanacho, tangu 2021, kituo cha Mahakama pale Temeke kilichotengwa kwa mashauri ya familia, ambapo huduma zimekusanywa mahali pamoja. Na msisahau kwamba Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya ndoa kwa Kiswahili, na watu wengi husimama pale na kujisemea wenyewe. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo kabisa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa wakaruhusiwa pale ambapo anayesikiliza ni hakimu mkazi.

Sasa neno la Baraza, ambalo karani aliliulizia. Hapa tungependa kila mzee wa kanisa asome mara mbili. Sheria ile ya 1971 iliona vema kwamba watu wasikimbilie talaka, ikaweka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa katika kila kata, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Tena ikaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao wenyewe, mradi Waziri ayatambue. Mahakama haipokei ombi la talaka, isipokuwa kwa sababu chache za pekee, mpaka Baraza lijaribu kuwapatanisha na kutoa hati kwamba limeshindwa. Na hati hiyo hupitwa na wakati ikizidi miezi sita. Mawakili hawasimami mbele ya Baraza. Pale wanandoa husema wenyewe. Je, si hiyo ndiyo Korintho ya 6 ikiwa imeandikwa katika sheria ya nchi? Serikali imetuambia: leteni watu wenye hekima. Nasi tumewahi kukaa katika vikao vya usuluhishi tukifunga shauri kwa sala na chai pasipo kuandika hata mstari mmoja, tukamwacha mwenye shida hana karatasi ya kumfikisha popote. Kikao cha wazee wa kanisa kisichotambuliwa si Baraza, hata kiwe na sala nzuri namna gani. Tuwaambie watu wetu hivyo mapema, kisha tuwasindikize katani.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri Baraza wala wakili. Mwenye kupigwa aende polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, apate matibabu. Sheria ya Ndoa imekataza waziwazi mume kumpiga mke au mke kumpiga mume kwa kisingizio cha kumrudi. Tumewahi kusikia mtu akihubiri kinyume cha hayo katika sherehe ya harusi, akachekewa. Hatukucheka.

Mtu mmoja ametuuliza kama si ubatili kwa mama wa nyumbani kwenda kwa wakili hali hana mshahara wala daftari la saruji. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ikasema ni mchango. Tangu hapo mwanamke aliyeitunza nyumba hahesabiwi kuwa mgeni ndani yake. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu nyingine, kwa kuwa ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha akazitumia vibaya. Alishindwa yeye, lakini waliomfuata wakapata. Tunamfikiria mara nyingi tuwaonapo akina mama wakifua asubuhi.

Na kwa baba zetu, ili wasidhani tumewasahau: nao huhitaji wakili, hasa kwa habari ya watoto. Sheria hutazama kwanza ustawi wa mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa afadhali akae na mama, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na baba aliyetengwa na watoto wake ana haki ya kusikilizwa na kuwaona. Ila mume na mke wasimtumie wakili mmoja, hata akiwa rafiki wa wote wawili. Hawezi kuketi pande zote mbili za shauri moja.

Yaliyofuata twayasimulia kwa ufupi. Zuio liliwekwa, na mnunuzi alipokwenda kuitazama hati akaliona, akarudi kwao na futi yake. Baraza la kata liliwaita. Mume alikuja wito wa pili, akasikiliza, akakataa kurudi. Lakini kwa mara ya kwanza aliulizwa mbele ya watu watoto wake wanakula nini, na hakuwa na jibu. Mahakama iliamuru matunzo. Huyaleta kwa simu, miezi mingine kwa kuchelewa, na wakili amekwisha kumwandikia mara mbili. Hawakuachana wala hawaishi pamoja. Binti yao wa pili alipopokea Kipaimara, baba aliketi benchi la nyuma kabisa. Mama alimsukuma mtoto kwa kiwiko aende kumwamkia, naye akaenda.

Tulipokwenda kumwomba mama yule msamaha, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, ulinifundisha kuandika kila kitu katika daftari. Hilo ndilo lililonisaidia." Hatukujua kama ametusamehe siku ile. Tulikunywa chai.

Halmashauri ya Mtaa imekubali kwamba majina ya wajumbe wa Baraza la kata na ya msaidizi wa kisheria yabandikwe ubaoni, karibu na orodha ya wasomaji. Mwezi uliopita wakili yule alikuja kuzungumza na Umoja wa Mama baada ya ibada ya pili, akajibu maswali mpaka jua likaelekea kuchwa. Kwa kuwa tulikuwa tumemsoma Zena, tuliandaa nauli yake ya kurudi mjini katika bahasha. Aliikataa. Maandazi aliyachukua yote.